Bibi wa mkwe wangu alikufa kwa bodig. Je, ni ule mtapo wetu?

*"Naishi San Diego, Marekani, kwetu ni Kilwa. Mwanangu anaoa binti wa Kichamoru, asili yao kisiwa cha Guam, Pasifiki. Tulipokwenda kujitambulisha tulipokewa vizuri mno. Mama wa binti akanisimulia kuwa bibi yao alikufa kwa ugonjwa wanaouita bodig: alianza kutetemeka, uso ukakauka, mwisho akawasahau hata wanawe. Wanasema ni unga wa mbegu ya fadang aliokula wakati wa vita. Akanionyesha picha ya mti, nikaishiwa nguvu: ni mtapo wetu! Mama yangu ana miaka 79. Alikula ugali wa mtapo mwaka wa njaa akiwa msichana, na tangu mwaka jana mkono wake wa kulia unatetemeka. Je, ni sumu ile ile? Wajukuu wangu watarithi? Na kuna nyama wanaikamulia ndimu tu bila kuipika: nile? Sisi ni Waislamu. Ndugu zangu nao wananiambia hao watu hawana asili, ni mchanganyiko tu wa Wahispania na Wafilipino."*

Dada yangu, maswali ni mengi, lakini naona linalokunyima usingizi ni mkono wa mama. Nitalifikia kwa kirefu. Kwa sasa shika hili ili usisome huku roho iko juu: hata watu waliouchunguza ugonjwa wa Guam maisha yao yote hawawezi kusema kwamba ugali ulioliwa msimu mmoja, zaidi ya miaka sitini iliyopita, ndio unaotikisa mkono wa mama leo. Mkono wa mzee wa miaka 79 una sababu nyingi za kutetemeka, na nyingine zinatibika.

Kuhusu mti, macho yako hayakukudanganya. Fadang na mtapo ni ndugu wa jenasi moja, Cycas. Wa Guam wataalamu wa mimea wanauita Cycas micronesica. Wetu ni Cycas thouarsii, unaoota pwani kutoka Kenya mpaka Msumbiji, na Komoro na Bukini (Madagaska) pia. Zamani vitabu viliichanganya yote chini ya jina moja, na huo wa Guam ulitengewa jina lake mwaka 1994 tu. Majani yake yanafanana na ya mnazi, lakini si mnazi wala si mchikichi; ni ukoo mkongwe wa mimea isiyotoa maua kabisa.

Sumu yake utaielewa upesi kwa sababu umekulia penye mihogo. Muhogo mchungu una sumu iliyofungwa kwenye sukari. Ukiutwanga au kuula mbichi, kifungo kinakatika na sianidi inatoka. Mbegu ya fadang nayo ina sikasini, ambayo pia ni sumu iliyofungwa kwenye sukari. Ikifika utumboni, bakteria wanaikata ile sukari, na kinachobaki hushambulia ini na kuharibu chembe za urithi. Bahati njema sikasini inayeyuka majini. Ndiyo maana bibi zetu wa pwani na bibi wa Guam, ambao hawakuwahi kuonana, waliishia kwenye dawa moja: vunja, kata vipande, loweka, mwaga maji, loweka tena, siku baada ya siku, kisha anika na usage. Kule Guam maji ya mwanzo yaliogopwa sana, maana kuku akiyanywa hufa. Unga uliopatikana ulikandwa kuwa titiyas, mkate bapa unaookwa juu ya chuma kama chapati kavu.

Anayesema "walikula sumu kwa ujinga" hajui anachokisema. Kuloweka kule ni elimu, na hatari huja pale watu wanapolazimika kukatisha. Tunalo somo letu wenyewe: konzo, ugonjwa unaokaza miguu ghafla mtu asiweze kutembea sawasawa tena. Jina hilo ni la Kiyaka cha Kongo. Ulizuka Nampula, Msumbiji, mwaka 1981 ukawapata watu zaidi ya 1,000, na mwaka 1985 ukaonekana Tarime. Muhogo ulikuwa ule ule wa miaka yote. Kilichobadilika ni kwamba ukame ulileta njaa, na mwenye njaa hasubiri muhogo ulowane siku zote zinazotakiwa.

Lakini tofauti iko hapa. Konzo humkamata mtu ndani ya saa au siku chache, wakati bado anakula chakula chenyewe. Bodig huja miongo kadhaa baadaye, na hapo ndipo wataalamu walipokwama.

Baada ya vita kuu ya pili, madaktari wa Kimarekani waliokuwa Guam waliona jambo lisilo la kawaida. Watu, hasa wa vijiji vya kusini kama Humåtak na Malesso', walikuwa wakipooza misuli kidogo kidogo mpaka kushindwa kumeza. Wenyewe waliita lytico, kutokana na neno la Kihispania la aliyepooza. Wengine walipata bodig: mwili mzito, kutetemeka, akili kupotea. Kuna familia zilizopata vyote viwili. Katika miaka ya 1950 ule wa kupooza ulikuwa Guam mara 50 hadi 100 zaidi ya sehemu nyingine za dunia.

Dhana zikafuatana. Mtaalamu wa lishe Marjorie Whiting alikwenda kuishi na watu kuchunguza wanachokula, akaleta mezani habari ya fadang. Mwaka 1967 ikatambuliwa ndani ya mbegu asidi ya amino iitwayo BMAA, inayosumbua neva. Mwaka 1987 nyani waliolishwa BMAA nyingi walipata dalili zinazofanana, na magazeti yakatangaza kwamba kitendawili kimeteguliwa. Halafu wengine wakapima unga uliolowekwa vizuri, wakakuta BMAA nyingi imeondoka na maji. Ili mtu afikie kipimo cha wale nyani angelazimika kula unga kupita uwezo wa tumbo lake.

Mwaka 2002 mtaalamu wa mimea Paul Cox na daktari wa mishipa ya fahamu Oliver Sacks wakaja na wazo la popo. Fanihi, yule popo mkubwa wa matunda, hula mbegu za fadang, na Wachamoru walimpenda sana, akipikwa mzima kwa tui la nazi. (Mpemba yeyote mzee atakuelewa, popo wa Pemba nusura waishe kwa sababu hiyo hiyo.) Huenda sumu ilijilimbikiza katika nyama ya popo, wakasema. Ni wazo zuri, na lina wapinzani wake. Mpaka leo hakuna aliyefunga kesi hii. Ukiambiwa na mtu kwamba "imethibitishwa ni fadang", jua anakupa nusu ya habari.

Kinachojulikana vizuri zaidi ndicho kinachojibu swali la wajukuu. Ugonjwa huu umepungua sana tangu miaka ya 1960. Ule wa kupooza karibu umetoweka, na bodig imezidi kusogea kwa wazee. Ungekuwa ni wa damu peke yake, usingepungua ndani ya vizazi viwili, kwa sababu chembe za urithi hazibadiliki upesi hivyo. Tena kuna Wafilipino waliohamia Guam wakiwa watu wazima, wakaishi huko miaka mingi, nao wakaugua. Ni kweli ulizunguka ndani ya familia fulani, na huenda damu ina mchango wake, lakini familia hula chungu kimoja na huishi kijiji kimoja. Haijapatikana chembe moja ya urithi ya kulaumiwa. Binti aliyezaliwa California hana sababu ya kuishi na hofu ya bibi yake, na wewe usimpelekee hofu hiyo siku ya harusi. Wakitaka kutulia zaidi kabla ya kuzaa, daktari wa familia anaweza kuwaelekeza kwa mshauri wa mambo ya urithi.

Sasa hao wanaosema hawana asili. Hapa nitakuwa mkali kidogo.

Mababu wa Wachamoru walifika visiwa vya Mariana, yaani Guam, Rota, Tinian, Saipan na vingine, yapata miaka 3,500 iliyopita, kwa mitumbwi, kuvuka bahari ambayo hata leo inatisha. Wao wenyewe siku hizi huandika CHamoru kwa herufi mbili kubwa, kwa kuwa "ch" kwao ni herufi moja. Lugha yao ni ya ukoo mmoja na Kimalagasi, hivyo wana ujamaa na majirani zetu wa Bukini kuliko unavyodhani. Sikiliza hesabu yao ya kale: tatu ni tulu, saba ni fiti, nane ni gualu, tisa ni sigua. Mmalagasi anasema telo, fito, valo, sivy. Miaka elfu na ushei iliyopita walianza kusimamisha nyumba juu ya nguzo za mawe ziitwazo latte, kila nguzo na jiwe lake la juu kama bakuli. Pale Tinian, kwenye Nyumba ya Taga, nguzo zinazidi mita 4. Mpunga waliulima kabla Mzungu hajafika, jambo lisilojulikana kwenye visiwa vingine vya mbali vya Pasifiki.

Magellan, nahodha wa meli za Hispania, aliwafikia Machi 1521 akiwa na mabaharia wenye njaa. Wenyeji wakachukua mashua yake moja. Yeye akachoma nyumba zao, akaua watu saba, na visiwa vikabandikwa jina la Visiwa vya Wezi. Mwaka 1668 akaja padri San Vitores, na vita vilivyofuata vikaendelea karibu miaka 30. Mizinga, magonjwa na kuhamishwa kwa nguvu viliwapunguza wenyeji mpaka chini ya 5,000. Waliobaki wakaoana na Wahispania, Wafilipino na watu wa Mexico, lakini mama ndiye aliyekuwa nyumbani, na ukoo wao ulihesabiwa upande wa mama. Lugha ikabaki kwa mama. Leo mengi ya maneno yao ni ya Kihispania, kama Kiswahili kilivyojaa Kiarabu. Je, sisi tukikubali kuitwa Waarabu waliochanganyika, tutajisikiaje?

Mwaka 1898 Marekani ilichukua Guam. Visiwa vya kaskazini Mhispania akaviuza kwa Mjerumani, kisha vikaangukia kwa Mjapani. Desemba 1941 Wajapani wakaivamia Guam yenyewe, wakaikalia hadi Julai 1944. Watu walikimbilia msituni, na mwishoni maelfu walisukumwa kambini, Manenggon. Huenda ni katika miaka hiyo bibi ya mkwe wako alipokutana na fadang kwa wingi. Kilikuwa chakula cha vita na cha baada ya vimbunga, kama mtapo ulivyokuwa chakula cha njaa kwa mama yako. Uraia wa Marekani walipewa mwaka 1950, na wengi walifika San Diego kwa kuajiriwa na jeshi la wanamaji. Na huo mti wenyewe uko mashakani: mwaka 2003 wadudu gamba kutoka Asia waliingia Guam wakaua sehemu kubwa ya fadang. Hivyo hutapewa titiyas za fadang. Utapewa za mahindi au za ngano.

Tuje mezani, ambako nadhani utajisikia nyumbani kuliko unavyotazamia. Wana kåmyo, kile kibao cha kukalia chenye meno mbele: ni mbuzi ya nazi, hakuna jina jingine. Golai hågon suni ni majani ya magimbi kwa tui na manjano. Ungekula macho yamefumba ungesema uko Kilwa. Lemmai ni shelisheli. Mañåhak ni vitoto vya tasi wanaokuja kwa msimu na kutiwa chumvi. Donne' såli ni pilipili kichaa. Såli ni ndege anayeila na kuisambaza mbegu. Wali mwekundu, hineksa' aga'ga', hupata rangi yake kwa mbegu za mzingefuri, ulioletwa kutoka Mexico pamoja na mahindi kwa merikebu za Wahispania zilizopita Guam kati ya Acapulco na Manila kwa miaka 250. Na juu ya kila kitu hutiwa fina'denne': sosi ya soya, ndimu au siki, kitunguu na pilipili. Nikipewa nafasi ya kuchagua kimoja, nitachagua tinaktak, nyama ya kusaga kwa tui na maharagwe mabichi. Haitajwi sana, na sijui kwa nini.

Hiyo nyama uliyoiona ni kelaguen. Inayopikwa mara nyingi zaidi ni ya kuku, na kuku huyo huchomwa kwanza, ndipo akakatwakatwa na kuchanganywa na ndimu, nazi iliyokunwa, kitunguu na pilipili. Hiyo kula bila wasiwasi, mradi imeiva na imekaa kwenye baridi. Ya samaki, kamba au nyama ya ng'ombe ndiyo hutiwa ndimu ikiwa mbichi. Ndimu hukaza nyama na kuibadilisha rangi ionekane kama imeiva, lakini haiui vijidudu vyote wala minyoo kama moto unavyofanya. Mtu mzima mwenye afya, samaki aliyevuliwa karibuni, mpishi anayejua kazi yake: hatari ni ndogo, lakini ipo. Mama yako wa miaka 79 na mkwe akishika mimba, hapana.

Kwa upande wa dini, sema mapema, wala usione haya. Nguruwe ndiye mfalme wa sherehe zao, na mikate ya mchele iitwayo potu kwa kawaida huumuliwa kwa tuba, ambayo ni tembo la mnazi. Wachamoru ni Wakatoliki wanaojua kufunga na kujizuia. Wakiambiwa mapema watakuandalia samaki na kuku, na watafurahi kuambiwa kuliko kuona sahani yako imebaki imejaa.

Huko unakokwenda wewe ni mama wa bwana harusi, kwa hiyo jipange. Kwa mila zao upande wa mume ndio unaokwenda kuomba kwa wazazi na ndio unaobeba mzigo mkubwa wa karamu. Ukoo mzima husaidia kwa chenchule': mtu huleta fedha, mchele au mikono yake, na zamu yake ikifika hurudishiwa. Si tofauti na daftari letu la michango, isipokuwa deni hili halina haraka na hurithiwa na watoto. Kijana wao akiinama na kuusogeza mkono wako puani, usiuvute. Hiyo ni mannginge', shikamoo yao. Mwanao naye awafanyie wazee wa upande wa pili: kwa mwanamume aseme "ñot", kwa mwanamke "ñora".

Sasa mama. Mwambie aliye naye nyumbani amtazame kwa siku chache. Mkono unatetemeka ukiwa umetulia mapajani, au pale anaposhika kikombe? Ukitetemeka wakati wa kutulia, na hatua zimekuwa fupi, uso hauonyeshi furaha wala hasira, sauti imefifia, basi daktari atafikiria ugonjwa wa Parkinson, unaowapata wazee dunia nzima, waliokula mtapo na wasioujua. Dawa zake zipo na husaidia sana. Ukitetemeka pale anaposhika kitu, mara nyingi ni mtetemo wa kawaida wa uzeeni usioua. Tezi ya shingo, sukari kushuka na baadhi ya dawa pia hutikisa mikono. Mimi ni mtu wa lishe, siwezi kuyatenganisha haya kwa barua, na hakuna kipimo cha damu cha kuonyesha kwamba mtu aliwahi kula mtapo miaka sitini iliyopita. Ukiuziwa kimoja, ni utapeli. Aanzie hospitali ya rufaa ya mkoa, na wakiona haja wampeleke kwa daktari wa mishipa ya fahamu Muhimbili. Abebe dawa zote anazotumia, hata za mitishamba. Habari ya mtapo aitaje, lakini isiwe ya kwanza.

Asisubiri miadi kama mkono au mguu wa upande mmoja umelegea ghafla, mdomo umekwenda upande, au maneno hayatoki vizuri. Hicho huenda ni kiharusi, na kila saa ina thamani. Akianza kupaliwa na chakula au kuanguka anguka, nako ni kwenda wiki hiyo hiyo.

Na nyumbani kwako San Diego, angalia bustani. Ile Cycas fupi ya mapambo iliyojaa mitaa ya California ni ndugu wa mtapo, na mbegu zake nyekundu zinavutia watoto na mbwa. Mtoto akitafuna moja, usimngoje atapike; piga simu ya msaada wa sumu au nenda naye hospitali moja kwa moja, ukiwa na mbegu yenyewe mkononi.